Mama Lugano na Maji ya Shabu

Binti wa Bulyaga, kule Rungwe, akishachumbiwa, mama yake alikuwa na safari mbili za kufanya kabla ya nyingine zote. Ya kwanza ilikuwa ya kwa mchungaji. Ya pili ilikuwa ya kwa Ambindwile, mke wa Mwalimu Jairo, ambaye wengi walimwita Mama Lugano kwa jina la kifungua mimba wake. Alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kushonea kilitazama barabara ya kuteremkia sokoni, lakini akina mama hao hawakumfuata kwa ajili ya nguo. Walimfuata kwa sababu alijua kuwafunda mabinti. Kicheni pati isiyokuwa naye ilihesabiwa kuwa chakula na ngoma tu.

Kazi hiyo hakuisomea. Alifundwa na shangazi yake wa Masoko mwaka alioolewa, naye akawafunda wengine vilevile. Mengi aliyoyasema yalikuwa mazuri: namna ya kuzungumza na mume aliyerudi na hasira, namna ya kukaa na mama mkwe jiko moja. Lakini somo lililompa jina lilikuwa la usafi. Aliwaambia mabinti kwamba kujiosha nje peke yake ni kujidanganya. Wayeyushe shabu, lile jiwe jeupe la kusafishia maji, katika maji ya uvuguvugu, wajioshe nayo mpaka ndani kwa kidole, kila siku ya Mungu. Mume akitarajiwa kutoka safari, waongeze sabuni ya kunukia. Aliyasema hayo kwa sauti kavu, bila kupepesa macho, na akina mama walicheka wakijifunika kanga usoni huku bibi harusi akiinamisha kichwa. Yeye mwenyewe alifanya hivyo tangu akiwa na miaka ishirini na miwili, na hakuna siku aliyojiuliza kwa nini.

Alipofika hamsini, hedhi ilianza kuruka miezi, kisha ikakoma kabisa. Joto la ghafla lilimjia kanisani wakati wenzake wamejikunyata ndani ya masweta, akawa anajipepea kwa kitabu cha nyimbo. Hilo halikumtisha, mama yake alilipitia mbele ya macho yake. Lililomshtua ni lile ambalo mama yake hakuwahi kulisema. Huko chini kulikauka, kukaanza kuwasha, na mkojo ukawa unachoma. Baada ya miezi michache ikaja harufu, ya shombo kama ya dagaa waliolowa, na yeye ndiye aliyeisikia kwanza alipoinuka kwenye cherehani.

Alifanya alichokijua. Alijiosha mara mbili kwa siku, halafu mara tatu. Shabu ilipoonekana haitoshi, alichukua dawa ya kuulia vijidudu, ile ya kusafishia choo, akatia kifuniko kimoja kwenye beseni. Iliunguza mpaka machozi yakamtoka, naye akadhani inaunguza kwa sababu inatibu. Mkojo ulipozidi kuchoma alinunua vidonge vya rangi mbili kwenye duka la dawa, bila kupima, akameza siku tatu, akapata nafuu, akaacha. Mwezi uliofuata akanunua tena. Alipofanya hivyo mara ya tano, tumbo nalo lilikuwa limeharibika. Lilijaa gesi, lilinguruma mbele za watu, na asubuhi nyingine lilimkimbiza chooni mara nne kabla hajafungua chumba cha kushonea. Akaacha maharage. Akaacha maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe. Akabaki na chai ya rangi yenye sukari nyingi na maandazi, kwa kuwa hivyo havikumletea kelele.

Kwa mumewe alisema uongo. Alisema mjukuu wao anaogopa radi, hivyo anahamia chumba cha mtoto. Mwalimu Jairo, aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, alikuwa mtu wa kueleza hesabu za sehemu kwa saa nzima bila kuchoka, lakini mambo ya ndani alisubiri kuambiwa. Alimtazama akibeba mto wake, akarudi kusahihisha madaftari.

Halafu ikaja siku ya sare. Akina mama wa kanisa walijaa chumbani kwake wapimwe vitenge vya sikukuu ya mavuno. Mvua ilikuwa inanyesha, madirisha yote yamefungwa, na kila mmoja alipaswa kusogelewa karibu apimwe kifua na kiuno. Alipomaliza wa tatu, Leah, rafiki yake tangu wakiwa wasichana wa kwaya, aliinuka akafungua dirisha. Mvua ikaingia kwa ubavu, ikalowesha kitenge kilichokuwa mezani. Hakuna aliyelalamika, na hakuna aliyelifunga. Leah alirudi akakaa mwisho wa benchi, karibu na mlango, akaanza kuzungumzia bei ya mbolea. Ambindwile alisimama na futi yake mkononi, uso umemshuka. Akasema mgongo unamsumbua, basi wapimane wao kwa wao, yeye ataandika. Tangu siku hiyo kila alipoitwa kwenye kicheni pati alisema mguu unamuuma.

Hapa ni lazima zielezwe habari za Doreen, kwa sababu bila yeye aibu ya Ambindwile ingekuwa ya mwili tu.

Doreen alikuwa binti wa Msasani, mtaa wa mji uleule, mpole, aliyefundwa na Ambindwile miaka miwili kabla. Aliolewa na Godwin, kijana wa upande wa Kiwira mwenye shamba la parachichi. Miezi sita haikupita, alikuja chumba cha kushonea akisingizia gauni la kupunguzwa, akamnong'oneza kwamba anawashwa na anatokwa na uchafu. Ambindwile alimwambia aongeze shabu. Akaja tena, hali ni mbaya zaidi. Akamwambia ajioshe asubuhi na jioni, na asikose. Mwaka ulipotimia, mama yake Godwin alishasema kwa majirani kwamba mwanamke mwenye maradhi yasiyokwisha ameyatoa kwa wanaume. Doreen akarudishwa kwao na sanduku lake. Watu walipomuuliza Ambindwile, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mwalimu wake, alijibu: "Mimi nilimfunda. Kama hakushika, hilo si langu." Maneno hayo yalifika mbali. Yalifunga kesi ya Doreen kabisa.

Siku aliyoona damu kidogo kwenye mkojo wake ndiyo siku alipokubali kwenda kupimwa. Hakwenda karibu na nyumbani, anakojulikana. Alijitanda kitenge, akapanda bodaboda mpaka zahanati moja nje ya mji, akakaa kwenye benchi na wanawake kama kumi hivi. Muuguzi wa huko alikuwa dada mmoja kutoka Kilimanjaro, Sista Lightness, aliyekuwa na miaka mitatu Rungwe na aliyekwisha kujifunza kusema "ugonile", salamu ya wenyeji, kwa kila bibi aliyeingia. Kabla ya kuanza kuita namba, alisimama mbele ya benchi kutoa somo la asubuhi.

Aliwaambia kwamba ndani ya uke wanaishi bakteria wazuri, wadogo wasioonekana, na kazi yao ni kulinda. Hutengeneza ukali kidogo, kama ule wa maziwa yaliyoganda, na ukali huo huwazuia bakteria wabaya wasipate pa kukaa. Uke hujisafisha wenyewe. Anayetia sabuni, limao, shabu au dawa ya choo anawaua walinzi na kuwaachia mlango wezi.

"Mwezi uliopita nimehudumia mabinti sita waliojiunguza," alisema. "Nikiwauliza nani kawafundisha, wote wananitajia kicheni pati."

Mwanamke mmoja mwisho wa benchi akacheka. "Huko Bulyaga yupo mama mmoja, ndiye bingwa wao," akasema. "Hata mdogo wangu alipita kwake."

Wengine nao wakacheka. Ambindwile alizitazama ndala zake. Yule mwanamke hakumjua, na hilo halikumpunguzia kitu. Alihisi joto likimpanda kutoka kifuani mpaka masikioni, na kwa mara ya kwanza hakujua kama ni lile joto la umri au ni jambo jingine. Alitaka kuondoka, lakini kikopo cha mkojo kilikuwa mkononi mwake na namba yake ikaitwa.

Ndani, Sista Lightness alimuuliza anajisafishaje. Akajibu kwamba ni maji matupu. Sista akampima taratibu, akavua glavu, akanawa mikono.

"Mama yangu," akasema, "ngozi yako hainiambii hivyo."

Hapo Ambindwile akasema yote, shabu na sabuni na kifuniko cha dawa ya choo, akiongea na ukuta. Sista hakumkaripia, na pengine angemkaripia ingekuwa nafuu. Alimweleza kwamba hedhi inapokoma, homoni inayolisha ngozi ya ndani hupungua. Ngozi huwa nyembamba na kavu, na wale bakteria walinzi hukosa chakula. Ndiyo maana wanawake wa umri wake husumbuliwa na mkojo mara kwa mara, hata wale wasafi kuliko wote. "Walinzi wako walikuwa wamebaki wachache," alisema, "na hao wachache ukawa unawamwagia sumu." Na vile vidonge vya rangi mbili, vya siku tatutatu, vilikuwa vimefanya kazi hiyohiyo tumboni, ambako nako kuna bakteria wao wanaosaidia kusaga chakula.

Mkojo ulipelekwa maabara, vijidudu vyake vioteshwe ili dawa ijulikane badala ya kubahatishwa. Daktari alimwandikia dawa hiyo, pamoja na krimu ya homoni ya kupaka ndani kwa muda. Akachunguzwa pia mlango wa kizazi, ukaonekana salama. Sista akampa masharti. Maji peke yake, nje peke yake. Dozi imalizwe. Tumbo lirudishiwe chakula chake: maharage na kande, kidogokidogo mpaka lizoee, mboga za majani, ndizi, na kikombe cha maziwa ya mgando kila siku kama hayamsumbui. Sukari ipungue, maji ya kunywa yaongezeke. Damu ikionekana tena, arudi siku hiyohiyo.

Ambindwile alisita, kisha akauliza kama mgando huo anaweza kujipaka pia.

"Kunywa, mama," Sista alisema, akijizuia kucheka. "Usijipake."

Halafu akamuuliza nani alimfundisha kujiosha namna ile. Akajibu kwamba ni shangazi yake, na sasa ni marehemu. Ilikuwa kweli. Lakini njia nzima ya kurudi alijua kwamba ni nusu ya kweli, kwa kuwa hakusema yeye naye amewafundisha wangapi.

Alipona polepole. Wiki ya tatu mkojo uliacha kuchoma. Harufu ilipungua, ikaisha. Tumbo lilichukua miezi miwili; siku za kwanza maharage yalimpigia kelele kuliko zamani, akakaribia kuyaacha, lakini akavumilia kwa vijiko vitatu, vinne, mpaka bakuli. Alianza tena kugandisha maziwa kwenye kibuyu kama alivyofanya mama yake.

Jambo ambalo hakulitegemea ni kwamba kadiri mwili ulivyopona, aibu ilizidi. Alipokuwa mgonjwa aliweza kujihesabu mtu aliyepatwa na mabaya. Sasa alikuwa mzima, na alijua kwa hakika alichokuwa amekifanya. Akiwa kwenye cherehani nyuso za mabinti aliowafunda zilimjia moja moja: Jenifer, Atupele, yule mrefu wa Makandana aliyelia siku ya kufundwa. Uso uliorudi mara nyingi ulikuwa wa Doreen, ameshika gauni lisilohitaji kupunguzwa.

Jumamosi moja alikwenda Msasani. Alimkuta Doreen uani akichambua maharage kwenye ungo. Doreen alimwamkia kwa heshima, akamletea kigoda, akaendelea kuchambua. Ambindwile alikuwa amepanga maneno njia nzima, lakini yote yalipotea.

"Nilikufundisha vibaya," akasema. "Yale maji ndiyo yaliyokuumiza. Nimeambiwa na sista, na mimi mwenyewe yameniumiza."

Doreen hakuinua macho. "Nilikuja kwako mara mbili, mama."

"Ulikuja."

"Ukaniambia niongeze."

"Nilikuambia."

Maharage mabovu yalidondoka chini moja baada ya jingine. Kisha Doreen akasema kwamba yeye alishajua. Sista huyohuyo alimtibu mwaka uliopita, akapona, akaelezwa kila kitu. Ambindwile akamuuliza kwa nini hakusema kwa watu.

"Nani angenisikia?" Doreen alisema. "Wewe ulishasema sikushika." Akaweka ungo chini. "Si mimi wa kuambiwa, mama. Nenda ukawaambie kule kwa kina Godwin."

Kwenda ukweni kwa mtu kuzungumza mambo ya namna hiyo si jambo la mwanamke kujiendea peke yake. Ilibidi aongozane na mwanamume, na huyo alikuwa mumewe. Kwa hiyo ilibidi kwanza amwambie Jairo. Alimfuata migombani alikokuwa akimkatia ng'ombe majani, akamweleza akiwa amesimama nyuma yake ili asimtazame usoni. Alimweleza yote: harufu, dirisha, mjukuu ambaye hakuwahi kuogopa radi. Jairo aliacha kukata. Zizini ng'ombe akaanza kulia kwa njaa.

"Kwa hiyo hukuwa umenichoka?" akauliza.

Ambindwile akatikisa kichwa. Mzee akafuta panga kwa jani la mgomba, akasema atalivaa lile koti lake la kijivu, waende Jumapili baada ya ibada.

Kule Kiwira walipokelewa vizuri, wakaletewa chai. Ambindwile alipopiga goti na kuanza kusema, baba yake Godwin alielewa haraka ni habari za aina gani, akatoka nje na kofia yake mkononi. Walibaki Godwin, mama yake na Jairo. Alisema mbele ya kijana ambaye angeweza kumzaa kwamba Doreen hakuwa amekosa uaminifu. Alikuwa mtiifu kupita kiasi. Kila kitu kibaya kilichompata mwilini kilitokana na mafundisho yake yeye, na alipokuja kuomba msaada alimwongezea sumu ileile, kisha akamsema vibaya kulinda jina lake. Alipomaliza, chai yake ilikuwa imepoa bila kuguswa.

"Kumbe ni wewe uliyetuvunjia nyumba," mama yake Godwin alisema.

Jairo akakohoa, akitaka kuingilia maneno. Ambindwile akamgusa goti anyamaze. Alijua, na kila mtu pale alijua, kwamba neno la uzinzi hakulileta yeye. Lilizaliwa katika nyumba ileile. Lakini hakwenda kugawana kosa.

"Ni mimi," akasema.

Godwin alikuwa akitazama mikono yake. Aliuliza atajuaje kama hayo ni kweli. Ambindwile akamwambia aende kwa Sista pamoja na Doreen, kama Doreen atakubali, aulize mwenyewe. Kijana akasema kwa sauti ndogo, kama anajiambia, kwamba maneno aliyomwambia mkewe siku ile hayasemeki.

Walipotoka, mama mwenye nyumba hakuwasindikiza.

Godwin alikwenda Msasani mara nne tangu siku hiyo. Mara ya tatu walikwenda pamoja zahanati. Lakini Doreen hajarudi. Amesema atarudi siku mama mkwe wake atakapowaambia majirani walewale aliowaambia mwanzo, kwa mdomo uleule. Mama huyo hajafanya hivyo mpaka leo. Ambindwile hamlaumu Doreen. Akikutana naye sokoni husalimiana, huulizana habari za nyumbani, na kila mmoja hushika njia yake.

Waliobaki aliwatafuta mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, na wa mbali kwa simu. Atupele alicheka, akasema aliacha mwezi wa kwanza tu kwa sababu iliunguza, ila aliogopa kumwambia. Jenifer alikata simu kabla hajamaliza. Mmoja alimwambia kwamba hayo ni maneno ya wazungu na yeye hataacha.

Alipokubali tena kwenda kicheni pati alikuwa ameazimia kusema mbele ya wote. Alifundisha mengine yote vizuri, lakini alipofika kwenye usafi akaona macho ya akina mama wazima waliomwamini miaka mingi, akashindwa. Akasema habari hizo waulize wauguzi, akakaa. Bibi harusi alibaki akishangaa. Leah alimfuata nje, akamkuta amejishika ukuta, akamuuliza kulikoni. Wakakaa kwenye ngazi, na Ambindwile akamweleza. Leah alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakiri kwamba yeye naye anajiosha vilevile, tangu alipofundishwa na huyuhuyu rafiki yake, na kwamba naye hedhi imekoma na anachomwa na mkojo mwaka wa pili sasa. Alifungua dirisha siku ile, alisema, kwa sababu hakujua harufu ni ya nani kati yao.

Jumatatu walikwenda zahanati pamoja. Kicheni pati iliyofuata walimwalika Sista Lightness, naye Ambindwile akasimama kabla yake, akasema kwa maneno machache kwamba alifundisha kosa kwa miaka kumi na saba, na kwamba anaomba radhi. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa kike akasema "ndaga", yaani asante, kwa sauti ya chini, na Sista akainuka.

Siku hizi haitwi sana. Yuko mama mwingine Makandana anayefunda, na inasemekana naye bado anatumia shabu; Ambindwile amekwenda kwake mara mbili, na mara ya pili alikaribishwa chai. Amerudi chumbani kwake na kwa mumewe. Anashona, anakunywa mgando wake asubuhi, anakula kande bila hofu. Lakini akikutana njiani na binti aliyemfunda, ni yeye anayetangulia kuinamisha macho, na mabinti wengine, kwa kutojua kwamba ni aibu, hudhani bibi huyu sasa ameanza kuringa.